Mtu Aliyekubali Karibu Yangu

Kama umekuja kunicheka, cheka sasa hivi umalize, nikianza nisikatizwe. Haya ninayosimulia hayakumpata rafiki wa shemeji ya mtu, wala sikuyaokota kwenye simu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la utosi, nikiwa na akili zangu na njaa yangu. Watu wanadhani mambo haya ni ya usiku, makaburini, paka mweusi anapita. Wangu alikuja wakati wa chakula cha mchana, amevaa kandambili za bluu.

Kwanza unijue kidogo. Mimi ni fundi wa majokofu, naishi Kibiti mjini. Kazi inanizungusha sana huko delta, maana wenye kamba na samaki hawawezi kukaa bila friza, na chumvi ya huko inazila friza kama mchwa. Wenzangu wakisafiri wanatazama mandhari. Mimi natazama masufuria. Ukinitajia Mohoro sikumbuki mto, nakumbuka kambale wa kubanika niliyemla kwa mama mmoja karibu na soko. Ukinitajia Ruaruke nakumbuka kisamvu. Ndivyo nilivyoumbwa, na marehemu mama yangu alikata tamaa mapema.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda Mbuchi, lakini si kwa kazi. Nilikuwa nakwenda kuonwa. Posa yangu kwa binti mmoja wa huko, Somoe, wazee walikwisha kuipeleka na ikapokewa vizuri. Tatizo ni baba yake, Mzee Shamte. Alisema hatoi jibu mpaka anione kwa macho yake, nikila. Ndiyo, nikila. Mzee yule anaamini kwamba mtu humjui mpaka umkalishe mbele ya sinia. Dada mkubwa wa Somoe alikwisha kukosa mchumba kwa sababu hiyo hiyo. Kijana alikuwa msomi, ana kazi yake safi, akala kwa haya vizuri kabisa, halafu mwishoni akajisahau akauliza kama kuna ukoko. Ukoko, ukweni, siku ya kwanza. Hakuitwa tena.

Somoe alinipigia simu usiku wa kuamkia safari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Nakuomba sana. Kula matonge machache tu, sema alhamdulillahi, nawa mikono. Na usilitazame sinia. Ukilitazama tu, baba ataona kila kitu."

Nikamwahidi. Nilikuwa nampenda Somoe, nasema wazi. Tulijuana siku nilipokwenda kumtengenezea mjomba wake friza, yeye akanishikia tochi, na mpaka leo sijui lile friza nililitengenezaje, maana sikuwa nalitazama. Kumkosa mwanamke yule kwa ajili ya tumbo langu, hapana. Kwa hiyo nikapanga mpango wa mtu mwenye akili: nitashiba kabla ya kufika. Mtu aliyeshiba anakuwa na adabu bila kujilazimisha.

Pikipiki ikanishusha kivukoni mapema. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala kwenye tope. Nahodha, kijana mmoja mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akasema tusubiri maji yajae. Nikamuuliza chakula kizuri kiko wapi. Akanyoosha kidole kwenye kibanda cha makuti nyuma ya mikoko.

"Kwa Bi Tabu," akasema. "Lakini ule kimya."

Sikumwelewa, nikadhani Bi Tabu anaumwa kichwa.

Bi Tabu alikuwa mama wa makamo, kajitanda khanga, macho yake hayamtoki mtu. Alipika vyakula vya asili vya huko tu, chipsi ukimuuliza anakutazama kama umemtukana. Akanionyesha mkeka, akaweka sinia dogo, halafu kabla hajapakua akasema:

"Mwanangu, hapa kwangu mtu anakula kimya. Usimkaribishe mtu. Hata ukimwona."

Nikatabasamu. Moyoni nikasema huyu mama hakulelewa. Sisi wengine tumekuzwa na wazazi, huwezi kuteremsha tonge mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Lakini chungu kilifunuliwa, na mimi nikasahau malezi yote, yake na yangu.

Sasa niache niseme juu ya chakula kile, maana ndicho kilichonifikisha hapa. Wali wa nazi wa mpunga mpya, umepaliwa makaa juu ya mfuniko mpaka kila punje imesimama peke yake. Kaa wa mikoko, wakubwa, wamepasuliwa na kupikwa kwa tui zito na bizari na ndimu, tui limeingia mpaka ndani ya magando. Kachumbari ya embe mbichi. Pilipili kwenye kisahani, ya kusalimia tu. Nikasema bismillahi, nikatia tonge la kwanza mdomoni, nikafumba macho. Niamini, nilitaka kumpigia mtu simu, lakini mkono ulikuwa na kazi.

Nilipofumbua macho, kulikuwa na mtu amekaa kwenye gogo pale mlangoni.

Mwanamume wa umri wa kati, kofia ya mkono, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, na hizo kandambili za bluu. Nakuapia, miguu niliitazama, kama tulivyofundishwa wote tangu utotoni. Haikuwa na kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, hata kidole gumba kimoja kilikuwa na kucha mbaya. Naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anawatazama kaa.

Wewe ungefanya nini? Kwetu ni jambo jepesi. Unasema "Karibu," mwenzako anasema "Starehe," mambo yanaisha. Yeye anabaki na heshima yake, wewe unabaki na kaa wako. Hata watoto wanajua. Nilijua Bi Tabu amenikataza, lakini mtu yuko pale, analitazama sinia langu, nitamezaje?

"Karibu," nikamwambia, na tonge liko njiani.

"Ahsante," akasema. Akainuka.

Hebu nikuulize: wewe uliwahi kumkaribisha mtu njiani akakubali hapo hapo, bila kubembelezwa, bila hata kusema nimetoka kula sasa hivi? Mimi kwa umri wangu wote sikuwahi. Na hapo ndipo nilipomkumbuka jamaa mmoja wa Malaka.

Usishangae, nimefika. Ujana wangu nilifanya kazi ya majokofu melini, tukatia nanga Malaka, huko Malesia. Kuna watu kule ambao wazee wao walikuwa Wachina waliooana na Wamalei, na mapishi ya mabibi zao yanaitwa ya Kinyonya. Jamaa mmoja wa bandarini akaniuliza, "Umeshakula?" Mimi nikamjibu ukweli: bado. Kumbe kwao hiyo ni salamu tu, kama sisi tunavyosema habari za asubuhi, hakuna anayetaka umweleze. Uso wake ulibadilika, lakini alikuwa muungwana, akanipeleka kwao. Bibi yake akanipakulia kamba wa nazi na mchaichai, na samaki wa ukwaju mkali mpaka masikio yanatoka jasho, halafu vikeki vya mchele vya rangi rangi, na mimi nikala mpaka familia nzima ikasimama kunitazama. Miaka yote nilikuwa nacheka nikikumbuka. Siku ile kwa Bi Tabu sikucheka, maana sasa ni mimi niliyekuwa muungwana.

Kijiko cha Bi Tabu kilianguka. Akafunika vyungu vyake vyote, kimoja kimoja, akanipa mgongo.

Basi mgeni amekubali, utafanyaje? Nikachukua birika nimnawishe. Maji yakatoka kwenye mdomo wa birika, nikayaona, yakafika mikononi mwake, yakaishia hapo. Beseni lilibaki kavu. Nikamimina tena. Kavu. Nikajiambia huenda ana ngozi ya kunywa maji, si unajua jua la huko. Akili ya mtu mwenye njaa inakubali mambo mengi.

Utaniuliza kama nilisema bismillahi. Nilisema. Na yeye alisema, tena kwa sauti, kwa matamshi mazuri kuliko yangu. Ikawa sina pa kumkamata.

Akala. Alikula kwa adabu, upande wake, vidole vitatu, hadondoshi hata punje. Lakini wali haukupungua. Niliutazama: kilima kiko vile vile, kaa wako vile vile, tui linang'aa. Nikafurahi, nikasema kumbe mgeni mwenyewe hana tumbo. Nikatia tonge langu.

Chapwa. Lilikuwa chapwa kama karatasi iliyoloweshwa. Nikatia kaa mdomoni, nikamfyonza gando, ni kama nafyonza kalamu. Nikachovya pilipili kidole kizima. Hakuna kitu, hata pua haikuwasha. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa ladha. Nikala zaidi, nikadhani nimeugua ghafla, nikala mpaka sinia likabaki jeupe, na tumbo langu lilikuwa tupu kama nimetoka kufunga. Yeye ndiye aliyecheua.

"Muda mrefu sijakaribishwa," akasema. Macho yalimlengalenga. "Watu wa hapa ni wakimya sana."

Nikamwendea Bi Tabu jikoni, nikamnong'oneza, "Mama, yule ni nani?"

"Mimi simwoni," akasema, bila kugeuka. "Lakini namjua. Alinisumbua mwaka mzima mpaka nikaacha kumkaribisha mtu. Nilikuambia, mwanangu. Sasa ni wako."

Nahodha akaita, maji yamejaa. Nilitoka pale mbio, nikaruka kwenye boti, nikakaa katikati. Boti ikalala upande. Nahodha akanitazama.

"Kaka, kaa katikati."

"Niko katikati."

Akatazama nafasi iliyo wazi ubavuni mwangu, akavuta kofia yake ya sufu ikafunika masikio. Mimi niligeuza uso majini nikamwambia mgeni wangu, taratibu, kwamba nimefurahi kumfahamu, lakini mbele ninakokwenda ni ukweni, tuagane kwa wema.

"Bado sijashiba," akasema.

Na kumfukuza mgeni uliyemwita mwenyewe, wewe ungeweza?

Nyumbani kwa Mzee Shamte nilipokewa kwa heshima zote. Mzee mwenyewe ni mrefu, mkavu, ana ndevu chache anazozishika anapofikiri. Kulikuwa na mjomba, yule mwenye friza, na nyuma ya pazia nikamsikia shangazi, dada yake mzee, ambaye Somoe aliniambia ndiye anayeogopwa na ukoo mzima. Nikakaa mkekani, njaa inanikwangua. Mgeni wangu akaja akakaa kati yangu na mjomba. Mjomba akajikuna mkono, akasogea kidogo, akampa nafasi, wala hakujua anafanya nini.

Kisha Somoe akaleta sinia. Alikuwa amepika mwenyewe tangu asubuhi, maana siku hiyo haikuwa ya kunitazama mimi tu. Ukoo ulitaka kuona kama na yeye ameiva, kama akienda kwa watu hatawaaibisha. Akaliweka chini, akaniangalia mara moja, machoni mwake naiona ile simu ya jana. Wali wa nazi, kambale mbichi wa mchuzi, tembele. Harufu ilipanda mpaka nikashika mkeka kwa mikono miwili. Sikulitazama sinia. Nilitazama dari.

"Karibuni," akasema Mzee Shamte.

Kwa masikio yangu nikasikia ubavuni mwangu, "Ahsante."

Tulikula tonge la kwanza pamoja. Mjomba akaacha kutafuna. Mzee akashika ndevu. Hakuna aliyesema, lakini kimya cha watu wanaokula chakula kitamu na kimya cha watu wanaokula karatasi si kimoja, hata mtoto anajua. Mjomba akainua chombo cha chumvi, akanyunyiza, akaonja, akanyunyiza tena kama anapanda mpunga. Nyuma ya pazia shangazi alikuwa amepakuliwa sahani yake, nikamsikia anaisukuma.

"Somoe," shangazi akaita, polepole. "Hiki ndicho ulichompikia mgeni?"

Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anaonja kidole alichochovya kwenye mchuzi, kisha anaonja tena, uso wake unakauka. Alijua alichoweka humo. Hakujua kilikokwenda. Mimi nilijua, alikuwa amekaa hapa karibu yangu, anakula kwa vidole vitatu, anasema mashaallah kila baada ya tonge.

"Huyu bado," shangazi akasema. "Turudishe kauli. Hatuwezi kutoa mtu nje na mkono huu."

Mzee Shamte akaanza kuondoa mkono kwenye sinia. Mzee mwenye nyumba akiondoa mkono, chakula kimekwisha, na siku ile mambo yote yangekuwa yamekwisha. Nilikuwa na njia mbili. Nile matonge machache, niseme alhamdulillahi, nisifiwe adabu, na Somoe abaki na aibu ya sinia lile kwa maisha yake. Au nile.

Nikala. Ndugu yangu, nilikula kama mtu aliyeokolewa baharini. Nilikula upande wangu, nikaingia upande wa mjomba, nikasema samahani mzee nikaingia na wa Mzee Shamte. Kila tonge nililisifu. Nikasema tui hili limekamuliwa na mtu anayejua. Nikasema kambale huyu hata huko Malaka sijamwona. Mdomoni nilikuwa na matambara, lakini nilifumba macho na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kaswida. Wali ulikwisha, mchuzi ulikwisha, tembele likakwisha. Na kwa kuwa hapo nilikwisha kuharibu kila kitu, na njaa ilikuwa bado iko pale pale, nikageuka mlangoni nikasema:

"Somoe, kama kuna ukoko, naomba."

Mjomba akakohoa mpaka akapigwa mgongo. Somoe akaweka mkono mdomoni. Ukoko ukaletwa, nikautafuna wote, nao ulikuwa kama ganda la mti.

Ilipofika alasiri, Mzee Shamte akaniita uani. Alikuwa anatawadha. Nikasimama, nasubiri kuambiwa boti inaondoka saa ngapi.

"Kijana," akasema, anaosha mguu, "mimi nimekula vya misiba, nimekula vya hospitali. Chakula cha leo hakikuwa na ladha hata ya moshi. Na wewe umekimaliza, ukakisifu, ukaomba na ukoko."

"Ndiyo, mzee."

"Ama huna ulimi, ama unampenda mwanangu." Akaosha mguu wa pili. "Yote mawili yanamfaa mume."

Hivyo ndivyo nilivyooa. Ukitaka kusema mambo yaliishia hapo, sema wewe, mimi bado naendelea.

Tukahamia Kibiti, mimi na Somoe, na yule. Nikitengewa chakula asubuhi, mgeni yuko. Mchana yuko. Somoe anapika, harufu inatoka mpaka barabarani, wapita njia wanapunguza mwendo, majirani wanakuja na vibakuli vyao kuomba mchuzi wa kuonja wakisema hawajawahi kuona mkono kama ule. Walikuwa wanaonja jikoni, kabla mgeni hajafika, na Somoe mwenyewe alikula huko huko. Mimi nilikuwa naambiwa tu utamu wa chakula cha mke wangu, na watu baki. Halafu Somoe ananiuliza, "Leo kikoje?" Namwambia kitamu. Nikakonda. Mtaani wakaanza kusema fundi ameoa mwanamke anayemnyima chakula, maneno yakamfika, akayameza.

Siku moja alinipa samaki wa kupaka. Nikala, nikasema kitamu, tui limekolea. Akakaa chini taratibu, akasema, "Humo sikutia chumvi. Nimetia sukari, na sabuni ya unga kidogo." Kisha akalia. Alidhani nimekuwa namdanganya tangu siku ya posa, kwamba kila sifa ilikuwa ya kumnyamazisha, kwamba chakula chake hakijawahi kunigusa. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sabuni ilikuwa inaanza kufanya kazi tumboni. Nikamwambia yote.

Hakucheka. Ni mtu wa Mbuchi. Aliuliza jambo moja tu:

"Ulipomkaribisha, ulimpakulia?"

Sikuwa nimempakulia. Nilimwambia karibu, nikaendelea kula. Somoe akafuta macho, akainuka, akachukua sahani nzuri, zile za wageni, akapakua wali wa kwenye chungu na mchuzi mwingine uliokuwa jikoni, akaweka na kijiko, akaiweka mahali nilipomwonyesha.

"Baba," akasema kwa heshima, akitazama ukuta, "chakula chako hiki. Tusamehe kwa kuchelewa."

Mgeni akatazama ile sahani muda mrefu. Akaivuta kwake. Na mimi nikachota kidogo kwenye chungu, naogopa, nikatia mdomoni.

Nililia kama mtoto. Tui, chumvi, ndimu, pilipili manga, kila kitu kilikuwepo. Nilikuwa nimeoa mwaka karibu mzima na ndiyo kwanza nilikuwa naonja mkono wa mke wangu. Somoe alikaa akanitazama nikila, na sidhani kama kuna siku tuliyopendana zaidi ya ile.

Ukisikia hapo utasema mwisho mwema. Subiri.

Mtu akipewa sahani yake, anapata na maoni. Mgeni akaanza kuchagua. Mimi ndiye ninayemwona na kumsikia, kwa hiyo mimi ndiye ninayefikisha. Mwambie kesho kaa. Mwambie maharage yamezidi. Nikafikisha kwa uaminifu. Halafu, sikufichi, zikawepo siku yeye hakusema kitu na mimi nikafikisha. Mgeni anataka kamba. Mgeni hali bamia kabisa, zinamletea kichefuchefu. Bamia ni mimi ninayezichukia. Somoe alikuwa ananitazama, anasema tu, "Mgeni wako mnafanana sana midomo," na ananipikia kamba.

Juzi hapa akaleta bamia. Sufuria nzima. Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba mgeni hazigusi.

"Anazila," akasema Somoe, anapakua. "Ameniambia mwenyewe asubuhi, ulipokwenda kazini. Na mengine ameniambia."

Nikageuka kutazama upande wa mgeni. Kulikuwa na sahani na kijiko, basi. Sikumwona. Toka siku hiyo sijamwona tena, wala simsikii. Lakini sahani yake ikimwagwa nje, kuku wanaidonoa mara moja na kuiacha. Na nikirudi kazini jioni, kabla sijabisha hodi, nasikia Somoe anacheka jikoni. Anacheka kicheko kirefu, cha mtu anayesimuliwa jambo. Nikiingia anafuta macho, ananiambia pole na kazi, ananiletea bamia.

Nimekwenda kwa Bi Tabu kuuliza dawa. Aliniweka mkekani, akanipakulia, nikala kimya. Nilipomaliza akaniambia kwamba mgeni akishahamia kwa mwenye chungu, mwenye tonge hana neno tena. Somoe mwenyewe nikimuuliza anasema nina wivu wa kijinga, mtu mzima yule, tena anaswali.

Kwa hiyo nakuonya, nawe fanya utakavyo. Ukisafiri, kula vya watu, vya asili, vile vya kupaliwa makaa, usipite na njaa ukakosa utamu wa dunia. Lakini karibu ya mdomo usiitoe. Kama una moyo wa kumpakulia mtu, mpakulie, na kama huna, tafuna ukitazama chini, wakuite huna adabu. Wengi watasema starehe. Mmoja atasema ahsante, na huyo hutajua atakapoishia kukaa.

Sasa niache niingie ndani. Naitwa nikale, na hiyo inayoniita si sauti ya Somoe, ni ile niliyokuambia siisikii tena. Samahani ndugu yangu, sikukaribishi.